Vitamini D iko chini na una baridi yabisi: pima, meza, fuatilia

Maswali ni yaleyale. "Vitamini D yangu imetoka 14, ndiyo iliyonipa baridi yabisi?" "Nikiimeza naweza kuacha MTX (methotreksati, dawa ya viungo ya mara moja kwa wiki)?" "Niko Tanga, jua linachoma kutwa, nimeishiwaje vitamini ya jua?" Kwa kifupi: namba hiyo peke yake haithibitishi hivyo; hapana, usiache; na ndiyo, inawezekana sana.

Tuelewane kwanza. Baridi yabisi tunayoizungumzia hapa ni ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani wa viungo: vidole, viwiko vya mikono, nyayo, mara nyingi kulia na kushoto kwa pamoja. Si magoti ya uzee, si gauti. Jina lenyewe limewaponza wengi, wakaamini waliupata kwa kulala sakafuni au kuoga maji ya kisimani alfajiri. Haupatikani hivyo.

Vitamini D si dawa ya ugonjwa huo. Ni ya mifupa na misuli ya mtu mwenye ugonjwa huo, ambayo iko hatarini kwa sababu ya uvimbe, kukaa bila kutembea, na prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Wagonjwa wengi wana kiwango cha chini, lakini sehemu ya sababu ni ugonjwa wenyewe: anayeumwa hatoki nje, na uvimbe mwilini unaishusha namba kwenye damu. Utafiti uitwao VITAL wa Marekani uliwapa watu IU 2,000 (IU ni kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini) kwa siku kwa miaka kama 5. Washiriki wote walizidi 25,000, na matokeo yaliyotoka 2022 yalionyesha magonjwa ya kinga kujishambulia yakiwa machache kwa asilimia 22 kwa waliomeza. Waliohesabiwa humo ni watu ambao ugonjwa ulikuwa bado haujawapata. Wewe uliyekwisha kuupata huwezi kuyageuza matokeo hayo kuwa tiba yako.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Majibu ya kalsiamu, albumini na kreatinini ya miezi 3 iliyopita. Kama huna, yapimwe siku moja na vitamini D.
- Orodha ya kila unachomeza. Weka hata vidonge vya nywele na kucha, poda za lishe na dawa za kienyeji. Rahisi zaidi: panga maboksi yote mezani upige picha moja.
- Uzito wako wa sasa.
- Kalenda ya ukutani na kalamu ya wino mzito. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 5.
- Namba ya simu ya kliniki inayokuandikia dawa za viungo.

Usianze mwenyewe, subiri daktari aseme, kama umewahi kupata mawe ya figo, figo zako ni dhaifu, kalsiamu yako imewahi kuwa juu, una sarkoidosisi (ugonjwa wa vinundu, mara nyingi kwenye mapafu), una TB inayotibiwa, unatumia digoksini ya moyo, au una ujauzito. TB na sarkoidosisi zina hatari ya pekee: vinundu vyake vinatengeneza vitamini D kali bila kungoja ruhusa ya figo, na kalsiamu inaweza kupanda ghafla hata kwa dozi ya kawaida.

Hatua ya 1: Tenganisha maumivu

Baridi yabisi ikiwa kazini, viungo vinavimba, vina joto, na asubuhi ngumi haikunjiki kwa zaidi ya nusu saa, wengine saa nzima na ushei. Upungufu mkubwa wa vitamini D unauma kwingine: mapaja, nyonga, mbavu, kiuno, na mfupa wa muundi ukiubonyeza kwa kidole gumba.

Jipime hivi. Kaa kwenye kiti cha chakula, kunja mikono kifuani, simama bila kujisukuma. Ukishindwa, na magoti yako hayajavimba, basi misuli ya mapaja imelegea. Mkosaji anaweza kuwa upungufu wa vitamini D, anaweza pia kuwa prednisoloni ya muda mrefu, ambayo nayo inakula misuli hiyohiyo. Andika tarehe na matokeo. Utarudia jaribio hili baada ya miezi 3.

Kwa nini tunasisitiza? Kliniki nyingi zinapima ukali wa ugonjwa kwa alama ya DAS28: viungo 28 vinakaguliwa, vinavyouma vinahesabiwa, vilivyovimba vinahesabiwa, kinaongezwa kipimo cha damu na namba unayoitaja mwenyewe ya jinsi unavyojisikia. Mifupa inayouma kwa kukosa vitamini D inaipandisha alama hiyo ingawa hakuna kiungo kilichovimba, na unaweza kujikuta umeongezewa dawa kali kwa maumivu yasiyo yake. Mwambie daktari wazi: vidole vimetulia, mapaja ndiyo yanaua.

Hatua ya 2: Pima kipimo sahihi

Kwenye fomu lazima isomeke 25-OH vitamini D. Kipo kingine kinachoandikwa 1,25. Hicho ni cha matatizo maalumu, na kinaweza kutoka kizuri au hata juu wakati ghala lako ni tupu. Watu wamelipia kile ghali wakarudi nyumbani wameambiwa wako salama.

Huhitaji kufunga. Ila vidonge vya biotini, vile vya kukuza nywele, viache angalau siku 3 kabla. Vingi vina miligramu 5 au 10, na kwenye baadhi ya mashine biotini nyingi inaifanya vitamini D ionekane ipo juu kuliko ilivyo. Kama ugonjwa umecharuka, au una homa, au umetoka kufanyiwa upasuaji, ahirisha wiki chache ukiweza. Ukishindwa kuahirisha, omba CRP, kipimo cha damu cha uvimbe, siku hiyohiyo ili msomaji wa majibu ajue namba imeshushwa na uvimbe kwa kiasi fulani.

Huna hela ya kipimo? Kwa mtu mzima asiye na lolote katika yale ya hatari hapo juu, anayetumia prednisoloni au asiyeonana na jua, kuanza na IU 800 kwa siku bila kupima ni uamuzi wa busara. Bei ya kipimo kimoja mara nyingi inanunua vidonge vya miezi kadhaa. Dozi kubwa za kila wiki ndizo zisizoanzwa kwa kubahatisha.

Hatua ya 3: Soma kizio kabla ya kusoma namba

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Majibu ya Marekani huja kwa ng/mL, ya Uingereza kwa nmol/L, na Afrika Mashariki utakuta zote mbili, pengine katika mji mmoja. Kutoka ng/mL kwenda nmol/L zidisha kwa 2.5.

Turudi kwa yule wa 14. Kama karatasi inasema 14 ng/mL, ni sawa na 35 nmol/L: amepungukiwa, lakini si vibaya sana. Kama inasema 14 nmol/L, hiyo ni kama 5.6 ng/mL, kiwango ambacho mifupa yenyewe inaweza kulainika. Namba ileile, hali mbili zisizofanana hata kidogo.

Tafsiri inayotumika sana, kwa ng/mL:

- Chini ya 12: upungufu wa kweli, jaza.
- 12 hadi 20: kidogo, jaza hasa kama unatumia prednisoloni au mifupa imeshaonekana kupungua.
- 20 hadi 30: hapa wataalamu walibishana. Mwaka 2011 kamati moja ya Marekani ilisema 20 inatosha kwa watu wengi, chama cha madaktari wa homoni cha hukohuko kikasema ifike 30. Mwaka 2024 chama hicho kikaacha kuitetea 30. Ukiwa na 24 usikose usingizi.
- Zaidi ya 100: umepitiliza. Sumu huonekana zaidi kuanzia 150 na kuendelea.

Hatua ya 4: Chagua dawa na dozi

Nunua D3, kolekalsiferoli. D2, yaani ergokalsiferoli, inafanya kazi lakini inapandisha kiwango kwa uhafifu na hakidumu. Usikubali kubadilishiwa dukani ukapewa alfakalsidoli au kalsitrioli eti "ni vitamini D hiyohiyo". Hizo ni za watu wenye matatizo ya figo au parathairoidi, dozi zake ni sehemu za maikrogramu, na zinapandisha kalsiamu upesi.

Kwa upungufu wa kweli, utaratibu wa kawaida ni IU 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki 6 hadi 8, kisha IU 800 hadi 2,000 kila siku kushikilia. Pakti za unga za IU 60,000 nazo zinamezwa mara moja kwa wiki. Tofauti ya 50 na 60 isikusumbue. Kwa aliye kati ya 12 na 20 bila prednisoloni, IU 2,000 kwa siku kwa miezi 3 inatosha. Kwa makadirio ya jumla, IU 1,000 za kila siku hupandisha kama 10 ng/mL katika miezi 3. Mwenye uzito mkubwa hupanda polepole, na anaweza kuhitaji mara 2 au 3 ya dozi ya mwenzake, kwa usimamizi wa daktari. Bila usimamizi, mtu mzima asivuke IU 4,000 kwa siku.

Boksi likiandikwa maikrogramu badala ya IU, zidisha kwa 40. Maikrogramu 25 ni IU 1,000.

Matone yanahitaji macho mawili. Chupa moja inasema IU 400 kwa tone 1. Jirani yake kwenye kabati inasema IU 400 kwa mililita 1. Mililita moja ni matone 20 na zaidi. Aliyezoea chupa ya pili, akanunua ya kwanza na kujaza kitonea kama kawaida, amekunywa IU 8,000 au zaidi kwa mkupuo, na atafanya hivyo kila siku mpaka chupa iishe.

Sindano moja kubwa ya "kumaliza kazi"? Tunashauri usiipende. Huko Australia, wanawake wazee walipewa IU 500,000 mara moja kwa mwaka. Matokeo ya 2010 yalionyesha walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwili unapenda kidogo kidogo.

Hatua ya 5: Panga siku za wiki

Hii ndiyo hatua inayookoa maisha, na si kwa sababu ya vitamini D. Mgonjwa wa baridi yabisi anaweza kuwa na dawa tatu za mara moja kwa wiki: MTX, vitamini D ya 50,000, na alendroneti ya mifupa ya miligramu 70. Humo humo kuna asidi ya foliki na prednisoloni zenye ratiba yake. Kichwa kikichanganya, inayoua ni MTX: ikimezwa kila siku inazima uboho, inachubua mdomo na utumbo, na watu wamekufa kwa kosa hilo.

1. Chagua siku ya MTX, andika kwenye kalenda kila wiki hadi mwisho wa mwezi. Mfano Jumatatu.
2. Vitamini D iweke mbali nayo, mfano Ijumaa. Alendroneti Jumatano.
3. Chukua ile kalamu ya wino mzito, andika kwenye kila boksi: JUMATATU TU. IJUMAA TU. JUMATANO TU. Herufi kubwa, upande unaouona ukifungua droo.
4. MTX ihifadhi kwenye chombo tofauti. Ina vidonge vya miligramu 2.5 na vya 10, vyote vidogo vya manjano kwa watengenezaji wengi. Dozi ya miligramu 15 ni vidonge 6 vya 2.5, vidonge 6 vya 10 ni 60. Shika saizi moja tu nyumbani.
5. Ukimeza, kata siku hiyo kwenye kalenda kabla hujaweka glasi chini.

Vitamini D meza na mlo mkubwa wa siku wenye mafuta: wali wa nazi, samaki wa kukaanga, parachichi. Chai kavu ya asubuhi haitoshi, sehemu ya dawa itapita tu. Alendroneti ni kinyume: tumbo tupu, maji glasi nzima, kaa wima nusu saa, hakuna chakula wala kalsiamu kabla ya muda huo.

Hatua ya 6: Kalsiamu, kwanza sahanini

Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, na anayemeza prednisoloni kwa miezi 3 au zaidi asishuke hapo. Glasi ya maziwa au mtindi ina kama 300. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao ni hazina. Mchicha una kalsiamu kwenye jedwali la lishe, lakini oksaleti yake inaishikilia na unapata kidogo. Jaza upungufu kwa kidonge ikiwa lazima, si kwa mazoea, na usikimeze pamoja na vidonge vya damu au vya tezi ya shingo. Achanisha saa 4 kwa hivyo vya tezi.

Chakula peke yake hakijazi vitamini D. Kiini cha yai kina IU 40 hivi. Mafuta ya ini la samaki yanafika IU 1,360 kwa kijiko cha mezani, ila yamejaa vitamini A. Kuongeza vijiko ili kufukuzia D ni kujitafutia sumu ya A, na mjamzito asiyaguse.

Hatua ya 7: Jua

Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania walipopimwa, wastani wao ulikuwa 115 nmol/L, yaani 46 ng/mL. Kwa hiyo ngozi nyeusi chini ya jua la ikweta inatengeneza ya kutosha, mradi ngozi ionekane na mtu awe nje. Wewe wa ofisini Posta, uliyefunikwa buibui, au ambaye maumivu yamekufungia chumbani, jua unaliona tu. Kuliona dirishani hakusaidii, kioo kinazuia miale inayohitajika.

Kanuni ni kivuli. Kikiwa kifupi kuliko wewe, miale inafaa: pwani yetu, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana haina shaka. Mikono na miguu wazi, dakika 20 hadi 30, siku kadhaa kwa wiki, toka kabla hujaungua. Ngozi haikupi D kupita kiasi, inaharibu ziada yenyewe. Ndugu wa Muscat wanaokimbia joto la kiangazi wanaweza kutumia ua wa nyumba miezi ya baridi. Aliye Uingereza, kati ya Oktoba na Machi asijisumbue na jua. Ameze IU 400 kwa siku kama huduma ya afya ya huko inavyoshauri, na mwenye ngozi nyeusi mwaka mzima.

Mwenye ualbino asitumie njia hii kabisa, vidonge vinatosha. Mwenye lupasi vilevile. MTX, salfasalazini na hidroksiklorokwini zinaweza kuifanya ngozi iwe nyepesi kuungua. Ukiona vipele baada ya jua, acha jua, usiache dawa.

Hatua ya 8: Pima tena, lakini si mapema

Vitamini D kwenye damu inapungua nusu kwa wiki 2 hadi 3, hivyo inachukua kama miezi 3 kutulia kwenye kiwango kipya. Kupima baada ya mwezi ni kutupa pesa. Nenda maabara ileile, pima na kalsiamu, rudia jaribio la kiti. Ukiwa na 20 hadi 40 ng/mL na kalsiamu iko sawa, baki na dozi ya kila siku na usahau namba hadi mwaka ujao.

Mambo yakienda kombo

*Namba haijapanda.* Angalia kalenda kwanza: ni wiki ngapi zilirukwa? Halafu tumbo: ulimeza na chai? Halafu dawa: rifampisini, fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni zinaichoma vitamini D haraka, na waliopewa dawa za kuzuia TB zenye rifampisini kabla ya kuanza sindano za kibiolojia (dawa za kutuliza kinga ya mwili) wanaingia humo. Kuharisha kwa muda mrefu kunazuia isifyonzwe. Na kama CRP imepanda kuliko mara ya kwanza, namba imeshushwa na uvimbe.

*Namba imepanda, vidole bado vimevimba.* Huo ni ugonjwa. Usiongeze vitamini D. Rudi kliniki, dozi ya MTX au dawa nyingine ndiyo inayohitaji kuangaliwa. Mapaja yakiwa yamepata nguvu huku vidole vikiuma, vitamini D imefanya kazi yake yote.

*Nimesahau Ijumaa.* Meza Jumamosi au siku utakayokumbuka, kisha rudi Ijumaa inayofuata ikiwa zimepita siku 4 au zaidi. Usimeze mbili kwa pamoja. Kanuni hii ni ya vitamini D tu. Ukisahau MTX piga simu kliniki.

*Nimeandikiwa sindano ya mifupa ya asidi ya zoledroni.* Waambie kiwango chako cha vitamini D kabla haijachomwa. Ikichomwa ghala likiwa tupu, kalsiamu inashuka: ganzi mdomoni, vidole kukakamaa, hata degedege.

*Kiu isiyoisha, mkojo mwingi, choo kigumu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa.* Acha vitamini D na kalsiamu leo hii, kapime kalsiamu na kreatinini leo hii, na beba maboksi yote uliyopiga picha. Hata ukiacha, vitamini D inakaa kwenye mafuta ya mwili na kalsiamu inaweza kubaki juu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kipimo kimoja kizuri hakitoshi. Kirudiwe hadi daktari aseme basi.